Namna ya kuotesha mwasumini mpaka uchoke kuchuma

Mwasumini wangu wa kwanza ulikaa miaka mitatu bila kunipa maua ya kujaza kiganja. Mti wenyewe ulikuwa mkubwa, majani yamekoza, umepita usawa wa dirisha, na kila mgeni aliyeingia uani aliusifia. Maua ndiyo hakuna. Leo mawili, kesho moja, kisha kimya mwezi mzima.

Siku moja bibi wa nyumba ya pili, ambaye ametunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia vya kuvaa kifuani, tangu usichana wake, alikuja kuazima kinu. Akasimama, akautazama.

"Mwanangu, mti huu huukata lini?"

"Naukatia nini, bibi, nao mzima?"

Akacheka. "Basi ndiyo hayo."

Alasiri akarudi na kisu chake, akaukata mpaka usawa wa goti, mimi nimesimama pembeni roho yaniuma. Wiki ya saba baada ya hapo nilikuwa natafuta bakuli kubwa zaidi la kuchumia.

Humu nitaeleza udongo, maji, mbolea na wadudu, lakini mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye hatua ya sita. Waliokwama na mwasumini wengi wamekwama hapo nilipokwama mimi.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni mwasumini kweli

Anayeuza miche kando ya barabara atakuambia "yasmini" kwa kitu chochote chenye ua jeupe linalonukia. Tunaoutaka hapa ni ule wa vikuba na wa kumwaga kitandani kwa bi harusi, ambao wataalamu wa mimea wanauita Jasminum sambac. Asili yake ni Asia ya Kusini, pande za India na Bhutan, na umetembea sana: Waarabu huuita ful, Ufilipino waliufanya ua la taifa mwaka 1934, na Wachina wa Fujian hutumia maua yake kunukishia chai.

Tazama majani kabla hujatoa pesa. Ya mwasumini hukaa mawili mawili yakielekeana kwenye fundo, mara nyingine matatu. Kila jani ni zima, la duara lenye ncha, kijani kilichokoza, limekunjamana kidogo kama nguo isiyopigwa pasi. Ukikuta vijani vidogo vidogo vimepangwa pande mbili za kikonyo kimoja, na ukivifikicha vinanukia kama ndimu, huo ni jamaa wa mchungwa. Ni mzuri kwa ua wa nyumba, lakini si wetu. Na ukikuta majani yamekaa moja moja kwa kupishana, maua membamba kama njiti yenye rangi ya kijani na manjano, harufu yake usiku inaumiza kichwa, huo ni malkia wa usiku. Una sumu. Usiupande nyumba yenye watoto wanaotia kila kitu mdomoni.

Mwasumini wenyewe una aina zake. Upo wenye petali za safu moja, saba hadi tisa hivi. Huu ndio mwepesi kuota na ndio ninaomshauri anayeanza. Upo wenye safu mbili tatu. Na upo ule ambao ua lake limejaa kama waridi dogo. Ni fahari ya macho, lakini hukua polepole, vipandikizi vyake hufa ovyo, na mara nyingine tumba hunyauka kabla halijafunguka vizuri. Uache mpaka mkono uzoee.

Hatua ya pili: pata mche

Usihangaike kutafuta mbegu. Mwasumini wa nyumbani karibu hauzai kabisa, na anayekuuzia mbegu zake anakuuzia kitu kingine. Omba tawi kwa mwenye mti. Huko pwani mtu hanyimwi tawi la asumini, labda uwe umegombana naye.

Vipandikizi hushika vizuri mwanzoni mwa masika, mwezi wa tatu hadi wa nne, au wakati wa vuli. Chagua tawi lililokomaa nusu. Lile laini linalopinda kama uzi litaoza, na lile la kahawia lililokauka ganda litachukua muda mrefu mno. Kata urefu wa sentimita 12 hadi 15 wenye mafundo matatu au manne, na mkato wa chini uwe chini kidogo ya fundo, kwa sababu mizizi hupenda kutokea hapo. Toa majani ya chini, bakisha mawili ya juu, na hayo mawili uyakate nusu ili yasinywe maji ambayo kipandikizi hakina. Kama lina tumba, litoe pia.

Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na vumbi la makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, nusu kwa nusu. Hapa pana mitego miwili ya kwetu pwani. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiutumie. Tafuta wa mtoni au wa shimoni. Na makumbi yaliyofukiwa pwani ili yaoze kwa ajili ya kamba yamekunywa maji ya bahari. Yaloweke kwenye maji matamu, umwage, uloweke tena, mara tatu au nne, ndipo uyatumie. Niliwahi kupoteza vipandikizi ishirini kwa uvivu wa kusuuza makumbi.

Funika kila kopo kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko ukiwa umekitoa ili pumzi ipite. Weka kivulini penye mwanga. Mchanga uwe na unyevu usiodondoka maji. Baada ya wiki nne hadi nane utaona chipukizi jipya, na hilo ndilo la kuamini, si lile jani la zamani lililobaki kijani. Usivute kuangalia kama umeshika. Kila ukivuta unakata vizizi vinavyoanza. Wengine huchovya kitako cha kipandikizi kwenye ute wa mshubiri; mimi sijaona tofauti kubwa, wala hauna dhara. La maana ni kuchomeka kumi unapotaka minne.

Asiye na subira ya makopo alaze tawi. Chukua tawi refu la chini ambalo bado liko mtini, likwaruze ganda upande wa chini karibu na fundo, lifukie udongoni kina cha vidole vinne, weka jiwe juu lisinyanyuke, na ncha ibaki nje. Mama yake anaendelea kulinyonyesha huku linatoa mizizi yake. Miezi mitatu au minne, kata, hamisha. Hii haishindwi kirahisi, ila inatoa mche mmoja mmoja.

Hatua ya tatu: chagua mahali

Jua, saa sita kwa siku au zaidi. Mwasumini wa kivulini utaishi, utarefuka kutafuta mwanga, utakupa majani. Jua la asubuhi mpaka adhuhuri na kivuli chepesi cha alasiri ni pazuri mno, hasa kwa mti wa kwenye chungu.

Walio karibu na bahari waangalie upepo. Kusi likivuma hubeba maji ya chumvi, na majani huungua kingo yakawa kama yamebabuliwa na moto. Ukuta, nyumba au safu ya mimea migumu upande wa baharini vinatosha kuukinga. Walio bara penye baridi, kama Nairobi au Arusha, wategemee maua machache zaidi na waupande mbele ya ukuta unaopigwa na jua mchana, ili usiku ukuta urudishe joto. Na ndugu zetu walio Ulaya na Marekani wauweke kwenye chungu tu, waingize ndani usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi joto 10.

Hatua ya nne: udongo, na balaa la mawe ya matumbawe

Mwasumini hupenda udongo tifutifu, wenye mboji, unaopitisha maji, na wenye uchachu kidogo. Sehemu kubwa ya visiwa na mwambao wetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na udongo wake una chokaa nyingi. Ongeza nyumba zenyewe: kuta za chokaa zinazomeng'enyeka kila mwaka na kumwaga unga wake pale pale ukutani ambapo kila mtu anataka kupanda asumini. Matokeo yake ni majani machanga yanayogeuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Watu huona manjano, wakadhani ni njaa ya mbolea, wakamwaga yurea. Manjano yanazidi.

Shida ni madini ya chuma. Yanaweza kuwa yamo udongoni, lakini chokaa imeyafunga, mizizi haiyapati. Kwa hiyo sogea na ukuta, hatua moja nzima au zaidi. Chimba shimo la sentimita 45 kila upande, toa mawe na vipande vya plasta, na usirudishe udongo uleule peke yake. Changanya udongo mweusi, samadi iliyooza au mboji kwa kiasi sawa, na nusu ya kiasi hicho mchanga. Majivu ya jikoni, ambayo ni mazuri kwenye mchicha wa bara, hapa usitie hata konzi moja. Yanaongeza uleule ukali wa chokaa. Mti ambao tayari umeshaugua pulizia majani sulfeti ya chuma, gramu 5 kwa lita moja ya maji, jioni jua likishapoa, urudie baada ya wiki mbili. Maduka ya pembejeo huwa nayo. Dawa hiyo inanunua muda. Tiba yenyewe ni mboji mwaka baada ya mwaka.

Kama udongo wako umeshindikana, panda kwenye chungu au ndoo ya kuanzia lita 20 iliyotobolewa chini matundu matano sita. Wengi tunaoishi mjini tunapanda juu ya dari kwenye ndoo za rangi, na maua hayatofautishi.

Hatua ya tano: panda, nywesha, lisha

Panda jioni au siku ya mawingu. Shina likae kina kilekile lilichokuwa nacho kwenye kopo, udongo ushindiliwe kwa viganja, si kwa mguu. Ukipanda zaidi ya mmoja, acha mita moja na robo kati ya mti na mti, vinginevyo utashindwa kupita kuchuma. Tandaza majani makavu au makumbi yaliyosuuzwa kuzunguka shina bila kuligusa.

Maji ya kutosha mara mbili kwa wiki yanatosha mti wa ardhini uliokwisha shika; ya kulowesha mpaka chini, si ya kupangusa vumbi. Wa kwenye chungu wakati wa kaskazi utaomba kila siku. Tia kidole: ukiukuta udongo mkavu mpaka pingili ya kwanza, nywesha. Onja maji ya kisima chako pia. Yakiwa na munyo, kila unaponywesha unaacha chumvi udongoni, na mwasumini hauvumilii. Kinga maji ya mvua kwa ajili yake, au angalau wakati wa masika uache mvua ioshe chungu mpaka maji yatoke chini kwa wingi.

Chakula chake ni samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyokaa miezi mitatu au zaidi, isiyotoa moshi wala harufu kali. Mti mzima wa ardhini unakula kama kilo 10 kwa mwaka. Mimi huugawia mara mbili, mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli. Mbolea ya dukani si lazima. Ukinunua, kwepa ile ya nitrojeni tupu, kwa sababu inatengeneza kichaka kizuri cha kupigia picha kisicho na tumba.

Hatua ya sita: kata

Tumba la asumini hutokea kwenye ncha ya chipukizi jipya. Hilo tu ndilo la kuelewa. Tawi la mwaka juzi halina haja ya kuchanua tena. Limeshamaliza kazi yake, linakula tu. Mti usiokatwa una matawi mengi ya zamani na ncha chache mpya, na ncha chache ni maua machache. Ukikata tawi moja, hapo chini ya mkato hutoka machipukizi mawili au zaidi, na kila moja lina haki ya kuleta kishada chake, tumba tatu mpaka kumi na mbili.

Mkato mkubwa ni mara moja kwa mwaka. Mimi hukata mwishoni mwa kaskazi, mwezi wa pili ukielekea wa tatu, ili masika yaukute mti tayari. Wiki moja au mbili kabla, punguza maji mpaka majani yaanze kulegea mchana. Mti ukipata kiu kidogo kisha ukakatwa na kunyweshwa, huamka wote kwa pamoja. Kisha chukua mkasi wa kupogolea au kisu kikali kilichopanguswa spiriti. Anza na vilivyokufa, vilivyokonda na vinavyosuguana. Ondoa mpaka shina yale yanayoingia katikati, upepo upite. Yaliyobaki yashushe yote mpaka sentimita 45 au 50 kutoka ardhini, ukikata juu kidogo ya fundo. Majani yaliyobaki unaweza kuyapukutisha. Utabaki na kitu kama ufagio uliogeuzwa, na mtu wa nyumbani atauliza kwa nini umeua mti. Mwache aulize.

Siku hiyohiyo tia samadi na unyweshe vizuri. Machipukizi huonekana ndani ya wiki mbili, na maua ya kwanza ya maana, kwetu joto hili, wiki sita hadi nane. Mti wa mwaka wa kwanza usiukate hivyo. Ufinye ncha tu ili ufanye matawi mengi.

Hesabu hiyo ya wiki ndiyo siri ya watu wa harusi. Kwetu harusi hurundikana Shaaban, kabla ya Ramadhani, kisha zinarudi baada ya Idi, na bei ya asumini hurundikana nazo. Anayejua tarehe ya harusi hurudi nyuma miezi miwili, akakata. Mwenye miti sita hakati yote siku moja: mitatu leo, mitatu baada ya wiki tatu, asipate mafuriko wiki moja na ukame wiki inayofuata.

Hatua ya saba: wadudu, kwa ufupi

Mdudu wa kuogopa ni kiwavi mdogo anayetoboa tumba. Utaona kitundu, kisha tumba linageuka zambarau au kahawia na kukauka kabla ya kufunguka. Chuma matumba yote ya namna hiyo uyachome au uyazamishe kwenye maji ya sabuni. Usiyatupe chini ya mti, kwa sababu kiwavi huenda kujifichia kwenye udongo hapohapo na kurudi akiwa nondo. Kutifua udongo juu juu baada ya mkato mkubwa kunawatoa waliojificha, na kuku wanajua la kufanya.

Wakati wa kiangazi huja utitiri mwekundu. Majani hupauka kwa vitone vidogo na chini yake pana utando mwembamba. Pigisha maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, siku tatu mfululizo. Wale weupe kama pamba wanaokaa kwenye mafundo wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na uwafuatilie sisimizi wanaopanda shina, maana wao ndio wanaowachunga. Dawa ya mwarobaini inasaidia kwa wote hawa, ipulizwe jioni, lakini si siku unayotarajia kuchuma, isipokuwa unataka bi harusi anukie mwarobaini.

Hatua ya nane: chuma kwa saa yake

Asumini hufunguka jua likizama. Ukingoja uone ua limefunguka ndipo uchume, umechelewa: harufu yake iko juu usiku huo, na kesho adhuhuri ua limelegea, limeingia wekundu wa zambarau, limeanguka. Kinachochumwa ni tumba, baada ya alasiri, likiwa limenenepa, jeupe kabisa kama punje ya mchele uliolowekwa. Lenye ukijani kwenye ncha liache mpaka kesho. Ukilichuma leo halitafunguka kamwe.

Weka matumba kwenye jani la mgomba au kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Yakifungiwa kwenye plastiki isiyo na pumzi huchemka yenyewe na kugeuka rangi. Kama unatunga, sindano nyembamba ipite kwenye kimrija cha ua, si kwenye petali, na uzi uwe umelowa kidogo usiikate. Tunga yakiwa bado yamefumba. Kikuba cha kwetu hutaka pia mrehani, mkadi na petali za waridi, na bibi jirani anasisitiza kwamba asumini itiwe mwisho, kwa kuwa ndiyo inayochoka haraka. Kikiwa tayari saa kumi na mbili jioni, kitafunguka kifuani mwa mvaaji katikati ya shughuli.

Na kabla hujaondoka mtini na bakuli lako, rudi kwenye kila kishada ulichokimaliza, ukate ile ncha tupu pamoja na majani mawili yaliyo chini yake. Ukucha unatosha. Baada ya wiki nne au tano hapo patakuwa na ncha mbili.